Mkono Usiomgusa Mtoto

Kazi yangu ya kwanza ya maana London ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuhakikisha watu hawagusi picha. Kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha maofisi alfajiri, nikaumwa magoti, na daktari akaniambia nitafute kazi ya kukaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Jumba lenyewe lilikuwa la tajiri mmoja wa zamani aliyekufa bila mrithi, likaachiwa umma pamoja na kila kilichokuwa ukutani. Mimi nilipangiwa vyumba viwili vya juu, vyote vya Waingereza wa karne ya kumi na nane.

Miezi ya mwanzo sikuwapenda watu wale wa ukutani. Wanaume walivaa nywele za bandia zilizotiwa unga mweupe na soksi za hariri mpaka magotini, wakasimama mkono mmoja kiunoni kama mtu anayengoja kusifiwa. Wanawake wamebanwa viuno mpaka nikawa najiuliza wanapumulia wapi. Hariri zao lakini ziliniteka. Baba yetu alikuwa fundi cherehani kule Mkunazini, Unguja, nimekua chini ya meza yake, na nilijua ni tabu gani kukifanya kitambaa kianguke namna ile. Sasa mtu kukifanya kianguke hivyo kwa rangi na brashi tu, hilo nilikuwa nalitazama saa nzima bila kuchoka.

Chumba cha pili kilikuwa na picha za maisha ya kila siku. Wazee wanacheza karata na mmoja anachungulia karata za mwenziwe. Mwanamke anauza maziwa mlangoni huku paka anakunywa kwenye ndoo nyuma yake. Familia inakunywa chai kwenye vikombe visivyo na masikio. Hao niliwazoea upesi, kwa sababu walikuwa na uchafu kwenye viatu na mtu mmoja hakuwa na jino.

Picha ninayotaka kuieleza ilikuwa chumba cha kwanza, baina ya milango miwili. Baba amesimama nyuma ya kiti. Mama amekaa, nguo yake ya buluu imejaa mpaka sakafuni. Wasichana wawili wakubwa wako kulia, mmoja ameshika kitabu, wa pili anacheza na mbwa mdogo. Kushoto, karibu kabisa na goti la mama, amesimama mtoto wa miaka mitatu au minne, amevaa kofia nyeupe ya lesi, ameshika chungwa. Niliipita picha ile kila siku nikaiona nzuri, basi. Nilikuwa sijaisoma karatasi ya maelezo iliyobandikwa pembeni.

Dada yangu alikuja London kumfuata mumewe. Shemeji ni mtu wa Pemba, aliondoka kwao kijana kabisa na wazee wake katika ile miaka ya baada ya Mapinduzi waliyokuwa wakiondoka watu, akasoma hapa, akawa karani kwenye ghala la vipuri vya magari. Mtu kimya, mcha Mungu, mkarimu bila kelele. Walikaa Barking, ghorofa ya tatu katika flati ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, na mimi nilipanga chumba mitaa miwili kutoka kwao. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hapa. Alikuwa wa kike, na alikuwa msemaji. Ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, akiona hujaelewa anakurudia kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, akiona umeelewa anaanza hadithi nyingine. Nilikuwa nikifika kwao jioni nasikia sauti yake tangu kwenye ngazi.

Alikufa majira ya baridi, kabla hajatimiza miaka mitano, kwa homa ya uti wa mgongo. Ilimwanza jioni kama mafua, usiku ule ule ambulensi ikaja, na keshokutwa yake tukawa tunazika. Madaktari walifanya walichoweza, na mimi nilikuwepo nikawaona. Shemeji ndiye aliyemwosha, msikitini, pamoja na imamu. Dada alitaka kumwosha yeye, lakini wanawake wakamshika nyumbani. Kwa hiyo mara yake ya mwisho kumwona mwanawe ilikuwa pale wodini, uso umejaa mipira ya kupumulia na plasta.

Baada ya hitma watu walitawanyika. Wiki hiyo hiyo shemeji alikusanya picha zote za mtoto, zile za ukutani na zile za kwenye albamu, akazichana. Dada alikuwa amelala. Alipoamka akakuta ukuta umebaki na misumari. Akamwuliza, naye akasema kuwa nyumba yenye picha haiingii malaika, na kwamba maiti aachwe apumzike. Dada hakumgombeza. Alininong'oneza siku ya pili kuwa angemgombeza lau angemwona amekasirika, lakini alikuwa akitetemeka mikono.

Kule Unguja mama yetu alikuwa na picha moja tu tuliyompelekea, ya mtoto wa siku chache, macho yamefumba, uso kama wa mtoto yeyote. Shule mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Siku ya wapiga picha kufika darasani ilikuwa bado.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kulijua. Dada alikuwa haitwi kwa jina lake. Tangu alipojifungua, kila mtu alimwita mama fulani, kwa jina la yule mtoto. Na shemeji vivyo hivyo, baba fulani. Sasa watu wakawa hawajui wawaiteje. Mwanamke anamwona dada sokoni, anafungua kinywa, anakifunga, anasema tu, hujambo dada. Wengine waliamua kuwakwepa, wakapita upande wa pili wa barabara. Mimi mwenyewe nilijikuta nikisema shemeji hivi, shemeji vile, nikilikwepa lile jina kama shimo njiani.

Nyumbani kwao pakawa kimya. Walizungumza ya lazima. Chakula kiko tayari. Bili imekuja. Mvua inanyesha, chukua koti. Sikuwahi kusikia wakigombana, na nadhani ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi.

Mwaka ukapita hivyo. Nikawa namsihi dada atoke, aende hata sokoni Southall akatazame vitambaa, mahali alipokuwa akipenda zamani, apande basi azunguke tu. Hakutaka. Siku moja ya Alhamisi nikamwambia basi njoo kazini kwangu, kuna joto, kuna mabenchi, hutalipa kiingilio, na hakuna atakayekusemesha. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomfanya aje.

Alikaa asubuhi nzima kwenye benchi la katikati ya chumba, buibui na koti juu yake, pochi mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni, na kazini huruhusiwi kuzungumza sana, kwa hiyo nilimwacha. Karibu na adhuhuri alinyanyuka akaisogelea ile picha ya familia. Akasimama mbele yake muda mrefu, mpaka nikanyanyuka nikamfuata.

"Huyu mdogo amekufa," akasema.

Nikamwuliza nani kamwambia. Dada hakuwa akisoma Kiingereza, ila majina ya vituo.

"Tazama mkono wa mama yake."

Nikatazama. Mkono wa kushoto wa yule mama ulikuwa umenyooshwa nyuma ya bega la mtoto, kama wa mtu anayemwegemeza mwanawe. Nilikuwa nimeuona mara ngapi. Sasa nikaona kuwa haumgusi. Vidole vilikuwa vimekunjika kidogo hewani, na baina ya vidole na bega kulikuwa na mwanya ambao kiganja cha mtu kingepita.

"Huyu mama alipokuwa akichorwa, hapo palikuwa hapana mtu," dada akasema. "Ameshika pale alipokuwa akikaa mwanawe."

Nikaenda kwenye karatasi ya maelezo, nikaisoma kwa mara ya kwanza, nikamfasiria. Ilisema kuwa mtoto mdogo wa ukoo ule aliugua homa mchoraji akiwa yumo katika kazi, akafa, na wazee wakaomba asiondolewe pichani. Mchoraji alikwenda akamtazama amelazwa, kisha akarudi akamchora amesimama, macho wazi, chungwa mkononi. Dada aliniuliza mara mbili kama kweli imeandikwa hivyo. Nikamwambia kweli. Akarudi kwenye benchi akakaa, na ndipo nilipomwona akilia, kwa mara ya kwanza tangu msibani. Alilia polepole, bila kujifunika. Wageni walipita, wakatazama sakafu.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Msimamizi wangu, mtu mzima kutoka Ghana, alimwona wiki ya tatu au ya nne akaniuliza yule mama ni nani na ana shida gani. Nikamweleza kwa ufupi. Alhamisi iliyofuata nilikuta benchi limehamishwa, limesogezwa na kugeuzwa, linaikabili ile picha sawasawa. Likabaki hapo.

Alhamisi ndiyo siku waliyoruhusiwa watu kuja kunakili picha, na kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuja kila wiki bila kukosa. Alikuwa mwalimu wa kuchora aliyestaafu, mrefu, amevaa sweta la kiume lenye matundu viwikoni. Aliweka kibao chake cha miguu mitatu mbele ya picha ya mke wa jemadari fulani, na hakunakili mtu mzima hata siku moja. Alichora mikono ya nguo, basi. Mikunjo, lesi, kiwiko. Nilipozoeana naye nikamwuliza kwa nini hamalizi mwanamke wa watu. Akanijibu kuwa nyuso amechora miaka arubaini, na kila mama aliyempelekea uso wa mwanawe alimwambia haukufanana, kwa hiyo sasa anachora vitambaa, maana vitambaa havina mama. Alisema hivyo akicheka, lakini nilielewa kuwa amechoka kweli.

Shemeji akanijia nyumbani kwangu jioni moja. Hakukaa. Aliniuliza dada yako anakwenda wapi Alhamisi, maana amepiga simu nyumbani kutoka ghalani mara kadhaa na haipokelewi. Uso wake ulionyesha kuwa keshawaza mengi. Nikamwambia ukweli wote, picha, mkono, mtoto mwenye chungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata alitokea kazini kwangu akiwa na koti la ghalani, lenye mafuta kifuani. Alisimama mlangoni pa chumba, karibu na kiti changu, akamtazama mkewe kwa nyuma. Kisha akaenda kwenye maelezo, akayasoma, akayarudia. Kisha akaitazama picha. Nilikuwa naogopa atasema neno juu ya sanamu na haramu, mbele ya watu, na dada asirudi tena. Badala yake akaenda akakaa kwenye lile benchi, mwisho wake kabisa, dada akiwa mwisho mwingine. Walikaa hivyo mpaka saa ya kufunga. Wakaondoka pamoja, hawajasemeshana, yeye amembebea pochi.

Wiki ile ile akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, eti yule bibi mchoraji anaweza kumchora mtu asiyemwona? Nikamwambia mwulize mwenyewe. Nikaongeza, na sijui nilipata wapi ujasiri, kuwa nilidhani picha ni mwiko kwake. Akanijibu.

"Shemeji, zile picha sikuzichana kwa dini. Nilikuwa nikiingia sebuleni ananitazama. Kila nikiingia. Nikasema nitaingia wazimu."

Bibi alikataa kwanza. Alisema hachori nyuso tena, na uso asiouona hajawahi. Shemeji hakumbembeleza. Alimwambia tu, kwa kile Kiingereza chake cha barua, kuwa yeye ndiye aliyemwosha mtoto yule, na kwamba usoni mwake hakuna sehemu asiyoijua, na kwamba anaanza kusahau. Bibi akaweka chini brashi. Akamwambia Jumamosi, chini mkahawani, aje na subira.

Wakakutana Jumamosi kadhaa, kwenye meza ya pembeni ya mkahawa wa jumba, na mimi nikawa nashuka wakati wangu wa chai kwenda kusaidia, kwa sababu kulikuwa na maneno ambayo shemeji hakuwa nayo kwa Kiingereza. Alisema mtoto alikuwa na mwanya, akageuka kunitazama, nikamweleza bibi kuwa ni nafasi baina ya meno mawili ya mbele, na kwamba kwetu ni uzuri. Alisema kisogo chake kilikuwa kimechongoka. Alisema nyusi ya kushoto ilikuwa na kijisehemu kisichoota nywele, kisichofika upana wa kidole cha mtoto mchanga. Bibi anachora, anafuta, anauliza, hivi? Hivi? Shemeji anafumba macho, anafumbua, anasema juu kidogo. Mtu niliyemjua kwa maneno ya lazima alizungumza pale kuliko nilivyomsikia akizungumza tangu aoe kwetu. Mara moja alikuwa anaeleza kope, akakatika katikati ya sentensi, na bibi akasema kuwa yeye amechoka mkono, wapumzike, wanywe chai. Hakuwa amechoka. Nilimwona.

Siku picha ilipomalizika, shemeji aliitazama ile karatasi kwa muda mfupi sana, akasema kwa Kiswahili, "Ndiye," akageuza uso. Akamshukuru bibi kwa mikono miwili. Lakini hakuweza kuibeba kwenda nayo nyumbani. Nikaichukua mimi, baina ya vipande viwili vya boksi, nikampelekea dada, na shemeji akaenda zake msikitini.

Dada aliiweka mezani jikoni, akawasha taa ingawa ilikuwa mchana. Ilikuwa penseli tupu, uso na mabega. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilishikwa na baridi, kwa jinsi ilivyofanana. Nyusi, masikio, kile kidevu cha baba yake. Nikangoja dada alie. Hakulia. Aliitazama mpaka nikahisi nimekosea kuileta.

"Mdomo," akasema hatimaye. "Mdomo si wake."

Nikatazama. Mdomo ulikuwa mzuri, umefumba, midomo imekutana sawasawa.

"Mwanangu hakuwa akifumba mdomo. Umewahi wewe kumwona amefumba mdomo? Hata usingizini alikuwa akisema." Akagusa karatasi kwa ncha ya kidole, pembeni, asiichafue. "Huyu ni yule ambaye baba yake alimwona siku ile ya kumwosha. Maskini. Ndiye huyo aliyebaki naye."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu alichokuwa amekibeba shemeji kila alipoingia sebuleni. Tuliambiwa kuwa yeye ndiye aliyemwosha, tukamwona ana bahati, amemuaga mwanawe. Sisi wengine wote, tukimkumbuka, tulimkumbuka akisema.

Shemeji aliporudi dada alikuwa bado mezani. Akamwambia vile vile alivyoniambia mimi, kwa upole, bila lawama. Shemeji alisimama na kofia mkononi. Kisha akakaa, akainamisha kichwa juu ya meza, kando ya karatasi, na dada akamwekea mkono kisogoni. Mimi nikachukua koti langu nikatoka.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili. Dada alikaa mbele ya bibi, na kwa kuwa hakuwa na Kiingereza cha kueleza, alifungua mdomo wake mwenyewe, akanyanyua mdomo wa juu kidogo kama mtu anayekatizwa katikati ya neno, akakaa hivyo. Bibi akachukua kifutio. Alifuta mdomo wote, uso ukabaki na doa jeupe, nikaona shemeji ameshika ukingo wa meza. Kisha akaanza upya. Dada na mumewe wakaanza kubishana. Dada anasema meno ya chini yalikuwa hayaonekani. Shemeji anasema yalikuwa yanaonekana akicheka. Dada anasema hapo hacheki, hapo anasema. Shemeji anasema basi alikuwa akisema huku anacheka, wewe ulikuwa jikoni unasikia sauti tu, mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Watu wa meza za jirani waligeuka. Bibi hakuelewa hata neno moja, akawa anachora huku anatabasamu, macho kwenye penseli yake, na mimi nilikwenda nikasimama karibu na trei za sukari, nikageuza uso ukutani, maana nilikuwa kazini na nimevaa sare.

Picha ile hawakuitundika. Shemeji hasali katika chumba chenye sura ya mtu, na dada hakutaka kumlazimisha. Ilikaa kabatini, imelala bapa juu ya shuka, imefunikwa khanga mpya. Dada alikuwa akiitoa anapokuwa peke yake. Shemeji sijui. Sikuwahi kumwuliza.

Walianza kuzungumza nyumbani. Nisiseme walifurahi. Walizungumza mabaya pia, wakagombana juu ya ile albamu, mara moja kwa sauti kubwa mpaka jirani akagonga ukuta, na dada alimwambia mumewe maneno ambayo ilibidi ayaseme mwaka mzima nyuma. Alhamisi akaacha kuja. Benchi likabaki pale lilipogeuzwa, na wageni wakawa wanakaa mbele ya familia ile bila kujua kwa nini inawekewa heshima kuliko majemadari.

Bibi mchoraji naye akaacha kuja. Ilikuwa vuli moja, wiki ya kwanza nikadhani ana mafua, ya pili nikamwulizia. Hakuna aliyejua. Baada ya sikukuu yao ya Krismasi msimamizi aliniambia amesikia kwa mtu wa uandikishaji wa wanaonakili kuwa amefariki, na kwamba alikuwa akiishi peke yake. Hatukujua hata amezikwa wapi. Nilipomwambia shemeji, aliniomba nimtajie jina lake kamili. Akashtuka alipoona kuwa mimi nalijua la ukoo tu. Alimsomea dua kwa hilo hilo.

Mtoto wa pili alizaliwa karne mpya imeanza, wa kike tena. Watu wakashusha pumzi, wamepata jina la kumwitia dada. Wakaanza kumwita mama fulani, kwa jina la huyu mdogo. Dada alikuwa haitikii. Wala hakukusudia kiburi. Nilikuwa naye, nikaona hasikii. Wanaita, anaendelea na shughuli zake, mpaka mtu amguse. Ilichukua muda mrefu, na hata alipozoea, alikuwa anachelewa kidogo kila mara, kama mtu anayefasiri.

Huyu wa pili alikuwa tofauti na dada yake. Mtulivu, mtazamaji, wa vitabu. Hakuambiwa. Kila mwaka tulisema akikua kidogo, na kila mwaka tukaona bado. Alipokuwa na miaka tisa au kumi hivi, alikuwa akitafuta nguo ya Idi kabatini, akaitoa ile karatasi. Mimi ndiye niliyekuwepo. Aliniuliza kwa Kiingereza huyu msichana ni nani, na mbona anafanana na baba. Nikamwambia amwulize mama yake. Nilisikia jinsi jibu langu lilivyokuwa dhaifu.

Dada alinipigia simu usiku huo. Akasema Jumamosi atamleta jumbani, atamwonyesha kwanza ile picha ya familia, na kutoka hapo ataweza kumweleza. Hakujua aanze vipi bila ya ule mkono.

Wakaja. Jumamosi ile sikuwa zamu, lakini nilikutana nao getini, tukapanda ngazi pamoja. Nilikuwa nimehamishiwa vyumba vya chini kwa miezi kadhaa, na mabadiliko ya huko juu sikuyajua. Tulipoingia, baina ya milango miwili palikuwa na mwanamume mnene na mbwa wake wa kuwinda. Kijana aliyekuwa zamu alituambia kuwa picha ya familia imeazimwa, imepelekwa nchi nyingine kwenye maonyesho, itakuwa huko mwaka mzima, labda zaidi. Benchi nalo lilikuwa limerudishwa katikati.

Dada alisimama mbele ya wale mbwa. Mwanawe alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena, akauliza kwa Kiingereza kama hii ndiyo aliyotaka kumwonyesha. Dada akasema siyo. Akamshika mkono tukateremka, tukatoka nje, tukanunua chipsi tukala tumesimama kwa sababu viti vilikuwa na maji.

Dada alianza kueleza ndani ya treni, baada ya Tower Hill, tulipopata viti vitatu vya pamoja. Alianza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kufika mahali. Ulikuwa na dada yako. Alizaliwa hapa, hospitali ile ile uliyozaliwa wewe. Alikuwa hapendi soksi. Mtoto aliuliza maswali yake kwa Kiingereza, moja moja, na dada akayajibu yote, hata lile la kama aliumia. Alisema ndiyo, kidogo, siku ya kwanza, na baadaye hakuwa akijijua. Mtoto akauliza kama yeye mwenyewe angekuwepo lau dada yake angekuwepo. Dada alifikiri kituo kizima. Akasema hajui, na kwamba amejiuliza hilo mara nyingi, na kwamba anawataka wote wawili.

Mtoto akamlalia begani. Nilikuwa nimekaa upande wa pili, namtazama dada akiongea, na sote watatu hatukusikia tangazo. Tulipitiliza Barking. Tuliposhtuka milango ilikuwa inafunguka Upney, tukashuka mbio, tukahamia upande wa pili wa jukwaa kungoja treni ya kurudi. Kulikuwa na baridi. Dada alikuwa bado anaeleza.